Jeneza Linalomfuata Mtu

Jeneza lilikuwa bado linazunguka.

Lilizunguka taratibu kwenye kioo cha kompyuta namba nne, limenakshiwa kwa rangi ya dhahabu, vishikio vinameremeta, na chini yake maneno mekundu: MPE MZEE WAKO SAFARI YA HESHIMA, BOFYA HAPA. Matokeo ya mpira ambayo Mwalimu Gyabaah aliomba afunguliwe hapohapo yalikuwa yamesukumwa huko pembeni, hata hayasomeki.

Mwalimu Gyabaah aliinama. Akavua miwani, akaifuta kwa pindo la kitambaa alichojitanda, akaivaa tena.

"Dufie, binti yangu," akasema, "nani amekufa?"

Sasa wewe ambaye gazeti lako la wiki jana lilifungiwa karanga kabla hujalisoma, sogea nikunong'oneze haraka haraka, maana mzee anasubiri jibu.

Dufie Amponsaa ndiye fundi wa mabango ya misiba hapa Bonsukrom. Anafanya kazi kwa shangazi yake, Anti Birago, katika duka la Bwana Ndiye Nuru Uchapaji na Intaneti, lenye kompyuta nne na printa kubwa moja. Jumatatu aliitwa jumba la chifu, akapitishwa mlango wa nyuma. Huko akamkuta Nana, chifu wetu, amelazwa na kufunikwa shuka jeupe. Nana Hemaa, mama mkuu wa ukoo wa kichifu, akamlisha kiapo kikubwa cha mji: atengeneze mabango, atafute jeneza, atafute vitambaa, na mdomo wake ubaki umefungwa mpaka Jumapili, siku ambayo Hemaa atamtangaza chifu mpya.

Bonsukrom chifu hafi mpaka Hemaa aseme amekufa. Wiki hiyo mji mzima uliambiwa Nana ana mafua. Siri ikivuja, aliyeivujisha anafukuzwa yeye na mama yake, na nyumba yao inabomolewa siku hiyohiyo. Mama yake Dufie ndiye mpishi wa jumba la chifu, ana miaka sitini na miwili na hana kwao kwingine. Hiyo ndiyo hofu ya Dufie.

Na huyu aliyeuliza, mwalimu mkuu mstaafu, si mtu baki. Anatoka nyumba ya pili ya ukoo wa kichifu. Miaka kumi na miwili iliyopita aligombea kigoda cha uchifu na Nana, akashindwa, na tangu siku hiyo wawili hao hawasalimiani. Akipata ushahidi kwamba Nana hayupo, nyumba yake ina haki ya kwenda kugonga mlango wa jumba na kudai kigoda kabla ya Jumapili. Lakini akitamka bila ushahidi, amemtabiria chifu kifo, na wa kufukuzwa atakuwa yeye. Umenielewa? Haya, turudi dukani.

"Hakuna aliyekufa, Mwalimu," Dufie alisema. "Ni matangazo tu. Yanakuja yenyewe."

Mwalimu Gyabaah alicheka kwa pua. Akaeleza, kwa sauti yake ileile ya darasani, kwamba simu ya mke wake humletea sufuria, kwa kuwa mke wake kutwa hutafuta sufuria. Ya mjukuu wake humletea viatu. Mashine hizi hazijui uvivu, alisema, zinaandika kila ulichouliza, kisha zinakufuata nacho mpaka chooni.

"Kwa hiyo aliyekaa hapa," akamalizia, akigonga kiti kwa fimbo yake, "alikuwa anatafuta jeneza. Tena la bei mbaya. Hilo si la mkulima wa mihogo."

Dufie akajaribu njia nyingine. Akasema kazi yake ni misiba, kila siku watu wanamwagiza hiki na kile, huyu picha, yule jeneza, ndiyo riziki yenyewe.

"Msiba gani?" Mwalimu akauliza. "Nimepita ukuta wa soko asubuhi hii. Bango la mwisho ni la bibi Pokuaa, na bibi Pokuaa tumemzika Jumamosi. Wiki hii Bonsukrom haina msiba. Au unao wewe peke yako?"

Hapo Anti Birago, ambaye hajui hili wala lile, akaingilia kati. Mama huyu alichapwa na Mwalimu Gyabaah darasa la nne na mpaka leo, na utu uzima wake, akimwona huficha mikono nyuma. Alimfokea Dufie kwamba anambishia mkubwa wake. Alisema kompyuta namba nne ni nzima kabisa, ila binti huyu tangu Jumatatu ameibandika karatasi ya MBOVU ili akae nayo peke yake kama mali ya baba yake. Akaivuta karatasi, akaikunja, akaitupa. Akamvutia Mwalimu kiti kwa mikono yake mwenyewe.

"Kaa, Mwalimu. Tafuta unachotaka."

Mwalimu akakaa. Akaweka mkono juu ya mausi.

Dufie hakufikiri. Alirudi nyuma hatua moja, akatafuta waya kwa kisigino, akaukanyaga na kuuvuta. Kioo kikawa cheusi.

"Umeme umekatika," akasema.

Hakuna aliyeshtuka, maana umeme wa hapa unakatika kila ukijisikia. Kijana aliyekuwa kompyuta namba moja hata hakuinua kichwa. Naye alikuwa na sababu, kompyuta yake ilikuwa inawaka. Ya pili ilikuwa inawaka. Na feni ya darini, juu ya kichwa cha Mwalimu Gyabaah, ilikuwa inazunguka vizuri kabisa.

Mwalimu akaitazama feni. Aliitazama muda mrefu.

"Umekatika kwa kompyuta moja," akasema.

 Dufie alikuwa anatafuta uongo mwingine pale simu ya Mwalimu ilipolia mfukoni. Mzee akaangalia namba, akaguna, akasema humu ndani mtandao haushiki. Alinyanyuka akielekea barazani. Mlangoni akageuka.

"Iwashe. Nikirudi nataka kuiona."

Dufie aliuchomeka waya, mara mbili akakosa tundu. Kompyuta ikaanza kuamka. Ewe msomaji, kama hujawahi kusubiri kompyuta ya miaka tisa iamke huku mtu amesimama mlangoni na maisha ya mama yako mkononi, basi hujui kusubiri ni nini. Ilinguruma, ikanyamaza, ikanguruma tena. Anti Birago akawa anapiga kelele kwamba wateja watakimbia, kwamba mabinti wa siku hizi hawana adabu. Dufie alikuwa anasikia sauti tu, maneno hayaingii.

Kivinjari kikafunguka, kikaleta swali kwa upole wote: Kilifungwa vibaya. Zirudishwe kurasa kumi na moja zilizokuwa wazi?

Alikaribia kubofya ndiyo. Kidole kilishazoea. Akakivuta nyuma kwa nguvu, akachagua hapana.

Sasa nikwambie jambo moja kuhusu binti huyu, ili ujue kwa nini alikuwa anajilaani. Duka lile lina sheria, na aliyeitunga ni yeye mwenyewe. Mteja akinyanyuka, kabla kiti hakijapoa, Dufie anaketi na kufuta. Anafuta kurasa zilizofunguliwa, anafuta majina yaliyoandikwa, anaiacha kompyuta kama vile hakuna aliyewahi kuigusa. Mji ni mdogo huu. Watu wanakuja pale kuangalia majibu ya mtihani ambayo wazazi hawajayajua, kutafuta dalili za ugonjwa wasioweza kuutaja, kuandikia wanaume walio nje ya nchi. Kwa miaka mitatu hakuna siri iliyotoka kupitia duka lile, na watu wanampenda kwa hilo.

Jumatatu hakufuta. Mjumbe wa jumba alikuja katikati ya kazi, mteja akiwa bado kitini, na Dufie akatoka mbio. Aliporudi, macho makavu, alibandika karatasi ya MBOVU, akaifanya kompyuta ile kuwa yake, akajisemea atafuta yote akimaliza. Siku tatu alijisemea hivyo.

Akafungua orodha ya historia. Ilikuwepo yote, mstari juu ya mstari, na saa zake. Jeneza la mbao ya odum. Jeneza la chifu, vishikio vya shaba. Kitambaa chekundu cha msiba, jora zima. Mfano wa bango la mazishi ya chifu. Namna ya kuandika wasifu wa chifu aliyefariki. 

Akabofya futa. Kisanduku kikaja, akabofya tena bila kusoma. Orodha ikafupika. Hewa ikamrudia kidogo. Akafungua ukurasa wa mpira kujaribu.

Jeneza. Safari hii la zambarau.

Kwa haraka zake alikuwa amefuta saa moja tu ya mwisho, chaguo ambalo kompyuta ilimpa kwanza. Siku tatu zote zilikuwa bado zimekaa hukohuko. Tena hata angeifuta orodha yote, bado kulikuwa na vile vidakuzi, vijifaili ambavyo kila tovuti huviacha ndani ya kompyuta ili ikutambue ukirudi. Dufie alikuwa ameingia katika tovuti za majeneza zisizopungua tisa. Zote tisa zilikuwa zimemwekea alama.

Kutoka barazani sauti ya Mwalimu ilikuwa inaaga. Ndiyo, ndiyo, tutaonana, msalimie mama.

Dufie akakifungua tena kisanduku. Akachagua wakati wote. Akaweka tiki kwenye historia, akaweka tiki kwenye vidakuzi, akaweka tiki kwenye kila kitu kilichokuwa na mahali pa kuweka tiki. Akabofya. Duara dogo likaanza kuzunguka.

Barazani kukawa kimya.

Duara linazunguka. Anti Birago akauliza kwa nini anapumua kama aliyekimbizwa na mbwa. Duara linazunguka. Fimbo ikagonga sakafu ya baraza mara moja, halafu ikatulia, kana kwamba mwenyewe amesimama kusoma kitu.

Duara likatoweka. Dufie akafungua orodha, haina hata mstari mmoja. Akafungua ukurasa wa mpira, na pale palipokuwa na jeneza pakaja tangazo la sabuni ya kufulia, mwanamke anacheka na povu limemjaa mikononi. Dufie alimtazama mwanamke yule karibu ambusu.

Hapo ndipo alipouona ujumbe mdogo chini ya kioo. Ulisema historia imefutwa kwenye vifaa vyote vinavyotumia akaunti hii.

Akaunti ipi? Yeye hakuwahi kuingia na akaunti yoyote.

Akainua macho juu, pembeni kabisa, kwenye kile kiduara ambacho kwa siku tatu hakukitilia maanani. Kulikuwa na picha ndani yake, ndogo kuliko punje ya mahindi. Mzee. Miwani. Tai ya shule.

Mteja wa Jumatatu aliyeachwa kitini alikuwa Mwalimu Gyabaah, anajaza fomu ya pensheni. Alifungua barua pepe yake kwenye kompyuta namba nne, akaondoka bila kuifunga, na Dufie hakuwepo kuifuta. Siku tatu binti wa watu alitafuta majeneza kwa jina la Mwalimu Gyabaah. Kila alichokiuliza hapa kilikwenda kukaa kwenye simu ya mtu yule yule ambaye hakutakiwa kujua.

"Umemaliza?" sauti ikauliza nyuma yake.

Mwalimu alikuwa amesimama na simu mkononi. Hakuonekana na hasira, na hilo lilimtisha Dufie zaidi. Akavuta kiti, akakaa, akaegemeza fimbo kwenye meza. Akaanza kusimulia kwa utulivu, kama anayesoma mahudhurio.

Alisema Jumatatu jioni simu yake ilimletea jeneza moja. Jumanne yakaja manne. Jumatano akifungua habari za kilimo anakuta jeneza, akifungua bei ya mbegu anakuta jeneza, mpaka kwenye mahubiri jeneza. Akadhani ni ishara. Mzee wa miaka sabini na moja, angedhani nini kingine? Alikwenda Kumasi kupima moyo, daktari akamwambia ana moyo wa kijana. Hakumwamini. Alirudi akapatana na dada yake waliyekuwa wamegombana, akaandika wosia, akamwonyesha mke wake mahali funguo zilipo.

"Nilikuwa tayari kabisa kufa, Dufie," akasema. "Nilishachagua na nyimbo."

Dufie hakujua acheke au alie. Mzee akaendelea. Asubuhi ya leo mjukuu wake, aliyechoka kuyasikia, alimwonyesha namna ya kufungua orodha ya kila kilichoulizwa kwa akaunti yake. Akaisoma. Mistari ishirini na mitatu. Akakumbuka alikaa wapi Jumatatu, akachukua fimbo. Mpira alioomba kuuona haukuwa na maana yoyote kwake, alitaka tu ahakikishe kompyuta ni hii.

"Sasa hivi nimemaliza kuongea kwenye simu, nikaifungua tena orodha ili nikuonyeshe," akasema. Akaigeuza simu. Kioo kilikuwa cheupe, na neno moja katikati: hakuna. "Imeondoka yote. Mkononi mwangu."

Dufie aliitazama simu ile, na taratibu akili ikamrudia. Hakuna. Hakuna huko na hakuna hapa. Mzee huyu alikuwa ameusoma ukweli mstari kwa mstari, na sasa hana hata herufi moja ya kumwonyesha mtu. Akienda nayo kwa wazee wa nyumba yake, watamwuliza ushahidi. Akitamka bila ushahidi, atafukuzwa yeye. Kwa mara ya kwanza tangu jeneza litokee, Dufie alinyoosha mgongo.

"Mistari gani, Mwalimu?" akauliza. "Mimi sioni mistari. Kama Mwalimu ana neno kuhusu chifu, alipeleke jumbani, akalisemee huko mbele za watu."

Alipolisema tu akaona aibu. Hakuwahi kumjibu mtu mzima namna ile. Anti Birago, aliyekuwa amesimama kando ya printa na ameshaanza kuunganisha hili na lile, alijifunika mdomo kwa mikono miwili. Nina hakika alingoja fimbo ishuke.

Fimbo haikushuka. Mwalimu Gyabaah aliitikia kwa kichwa, kama mwanafunzi amempa jibu sahihi.

"Umenishinda," akasema. "Vizuri."

 Akangoja mpaka yule kijana wa kompyuta namba moja alipolipa na kutoka, akawaacha watatu peke yao.

Mwalimu alipofungua mdomo tena sauti ya darasani haikuwemo. Alisema magoti yake hayawezi tena kigoda, na hata kama yangeweza, hakitaki. Alisema mji mzima unamwita chifu Nana, lakini yeye humwita Nti. Walikaa dawati moja kuanzia darasa la kwanza. Nti alikuwa hajui hesabu na yeye alikuwa hajui kupigana, wakasaidiana mpaka wakakua. Halafu kikaja kigoda, wakaja watu wa kusema huku na kusema kule, na miaka kumi na miwili ikapita. Kila Pasaka alijisemea Pasaka hii nitakwenda.

"Nimemwacha muda mrefu mno," akasema. "Binti yangu, sikuulizi kitu ulichokiapia. Usinijibu hicho. Nakuuliza kimoja tu. Kesho asubuhi nataka kuchukua chupa ya pombe kali ya schnapps, niende jumbani, nimwombe Nti radhi. Nitamkuta?"

Neno moja tu lilitakiwa. Utamkuta. Uongo mdogo, salama, na mama yake angeendelea kulala kwenye nyumba yake. Dufie alilipata neno, akaliweka ulimini.

Lakini aliyemjia machoni ni Nana, amekaa kwenye kibao mlangoni mwa jiko la mama, chifu mzima na miguu yake mirefu, anaonja mchuzi wa njugu kwa kidole. Alimwita Dufie mke wangu mdogo tangu akiwa na miaka sita. Alimuuliza kila mara lini atajifunza kutwanga fufu, ugali wetu wa mihogo, ili Nana amwache huyu bibi kizee jikoni aje kula kwake. Mama alikuwa anacheka mpaka anakaa chini. Siku tatu Dufie alikuwa amemchagulia mtu huyo jeneza, amelinganisha vishikio, amepima urefu, na hakudondosha chozi hata moja, kwa kuwa binti wa mpishi wa jumba akionekana analia mji mzima utajua.

"Uta..." akaanza.

Machozi yakamtoka. Akayafuta kwa kiganja, yakaja mengine. Aligeuza uso ukutani akabana meno, na bado mabega yalikuwa yanamtikisika. Hakusema neno. Huo ni ukweli, na baadaye aliuapia: hakusema hata neno moja.

Mwalimu Gyabaah hakuuliza tena. Alimwacha alie kidogo, kisha akamwambia kwa sauti ya chini ajizuie, mlango uko wazi na leo ni siku ya soko.

"Mdomo wangu hautalisema," akamwahidi. "Kwa mtu yeyote. Umenisikia? Mama yako hatapata shida kwa mdomo wangu."

Dufie alimwamini. Alimwamini moja kwa moja, akashusha pumzi iliyokuwa imekwama tangu Jumatatu. Alitaka hata kumshukuru.

Mzee akainama. Akafungua kamba ya ndara ya kulia, akaivua. Akavua ya kushoto. Akaziweka pamoja chini ya meza, visigino vimelingana. Alipoinuka alikishusha kile kitambaa kutoka begani mpaka kiunoni, kifua kikabaki wazi, kifua cha mzee chenye mvi.

Anti Birago alikaa juu ya boksi la karatasi. 

Kwani hapa Bonsukrom, mtoto wa nyumba ya kichifu hatembei peku barabarani. Hatembei peku akiwa mgonjwa, hatembei peku akiwa maskini. Anavua viatu siku moja tu, siku kigoda kinapobaki kitupu, na kila mtu hapa anajua hilo, mpaka wanaonyonya.

"Mwalimu, vaa," Dufie akasema. Alimshika mkono. "Mwalimu, nakuomba. Vaa ufike nyumbani tu. Utavua huko ndani."

"Siwezi, binti yangu." Midomo ilikuwa inamtetemeka. "Siwezi kupita sokoni nimevaa viatu na Nti amelala. Nitakuwa mtu gani?"

Akautoa mkono wake taratibu. Akaiacha na fimbo. Akatoka.

Ilikuwa huzuni ile, au ilikuwa akili ya mtu aliyekisubiri kigoda miaka kumi na miwili na akajua namna ya kusema bila kusema? Wiki nzima nimejiuliza. Ukipata jibu kabla yangu, niandikie.

Dufie alizinyakua zile ndara na kumkimbilia. Alifika mlangoni akakwama. Mwalimu alikuwa tayari katikati ya soko, anatembea polepole, peku, macho mbele. Muuza magimbi alikuwa anapima, akaacha kupima. Wauza nyanya wawili waliokuwa wanarushiana maneno wakanyamaza. Mwanamke mmoja akaweka mikono yote miwili kichwani, kimya kimya, na wa pembeni yake akamtazama, akamtazama Mwalimu miguu, naye akaweka yake.  Kimya kilisogea pamoja na mzee, kibanda baada ya kibanda, na nyuma yake watu walianza kuvua vilemba.

Upande wa pili wa barabara alikuwa amesimama mama yake Dufie. Alikuwa ametoka jumbani kununua samaki wakavu, kapu kichwani. Aliiona ile miguu. Akafuata kwa macho njia ilikotoka, kibanda kwa kibanda, mpaka kwenye mlango wa duka, mpaka kwa binti yake aliyesimama pale na uso umelowa.

Mama akalishusha kapu chini.

Nyuma yake, mlinzi wa jumba aliyekuja naye kumbebea mzigo hakuwa anamtazama Mwalimu Gyabaah hata kidogo. Alikuwa anamtazama Dufie, na ndara alizokuwa amezishika mkononi.